Akaunti Ambayo Binti Yangu Hakuifungua

Simu ya naibu wa mwalimu mkuu ilinikuta nimelala ubavu nyuma ya friji kubwa ya jikoni, katika hoteli ninayofanyia kazi kule Diani. Mimi ni fundi wa mafriji na viyoyozi, kazi niliyoishika tangu ujana wangu. Nilijipangusa mikono nikaipokea. Hakunisalimu. Aliniambia tu nifike shuleni siku hiyo hiyo, kabla ya saa nane, kuna jambo la binti yangu.

"Ni mgonjwa?" nikamwuliza.

"Afadhali angekuwa mgonjwa," akasema, akakata simu.

Maneno hayo sijayasahau. Mtu mzima, tena mwalimu, anamwambia mzazi kwamba afadhali mwanawe angekuwa mgonjwa. Lakini siku hiyo sikuyakasirikia. Niliogopa. Niliomba ruhusa kwa mkubwa wangu, nikachukua bodaboda vivyo hivyo na ovaroli yenye mafuta, na njia nzima kutoka Diani hadi Msambweni nilikuwa nikijiuliza mtoto wangu amefanya nini. Tazama jinsi nilivyoanza. Sikujiuliza amefanywa nini.

Binti yangu alikuwa kidato cha tatu wakati huo, na umri wake miaka kumi na sita. Nyumbani si msemaji. Utampigia hadithi ndefu, akujibu maneno mawili. Lakini shuleni alikuwa hodari wa mijadala, na wenzake walimtuma kuiwakilisha shule mara mbili. Nilimkuta amesimama kwenye baraza nje ya ofisi, mkoba wake chini miguuni, macho yake yamevimba. Akaniamkia, "Shikamoo, baba." Nikaitikia bila kumtazama.

Ndani, naibu alinisukumia karatasi nne juu ya meza. Zilikuwa zimechapishwa kutoka kwenye ule mtandao ambao vijana wote siku hizi wanashinda humo. Jina lake sitalitaja, halihitaji kutangazwa na mimi. Juu ya kila karatasi palikuwa na picha ya binti yangu, na jina lake kamili, lake na langu, na jina la shule yake. Chini yake palikuwa na matusi. Mwalimu wa hisabati alitukanwa kwa ulemavu wake wa mguu. Wasichana wa darasa lake walitajwa mmoja mmoja: huyu ana mimba, yule anatembea na mwenye bodaboda, yule mwengine ananuka. Mengine siwezi kuyaandika hapa.

"Huyu ni mwanao?" naibu akaniuliza.

"Ndiye."

"Na jina ni lake?"

"Ni lake."

"Basi mimi sina la kuongeza. Leo asubuhi tumemtoa mbele kwenye gwaride, shule nzima imemwona. Anakwenda nyumbani mpaka bodi ikae, wiki mbili kutoka leo. Na mimi nitapendekeza afukuzwe."

Nilikuwa na miaka hamsini na minne siku hiyo. Nimewahi kubishana na mameneja wa Kizungu juu ya injini wasizozijua, na wakanyamaza. Lakini mbele ya meza ile niliinamisha kichwa nikasema, "Nisamehe, mwalimu. Nitamshughulikia." Sikuuliza swali hata moja. Hata lile swali jepesi ambalo mtoto mdogo angeuliza: mlijuaje kuwa ni yeye?

Tulirudi nyumbani. Mke wangu alikuwa uani akichambua mchicha. Alipotuona tumeingia pamoja saa za shule, alisimama, na mimi nikamweleza yote kwa sauti ya kupasua, huku mtoto amesimama pale pale.

"Baba, si mimi," akasema. "Mimi sina akaunti huko. Sina hata simu."

"Simu ya mama yako je?"

"Simu ya mama haina nafasi hata ya picha moja," mke wangu akadakia. "Wewe mwenyewe umekuwa ukisema utainunulia kadi."

"Picha si yako?" nikamwuliza mtoto.

"Ni yangu."

"Jina si lako?"

"Ni langu, baba."

"Basi?"

Swali hilo nani angelijibu? Nami nikafanya jambo ambalo mpaka leo likinijia nikiwa kazini huacha bisibisi nikakaa kitako. Nilimwamuru akatie udhu. Alipotoka maji yakimchuruzika mikononi, niliuteremsha Msahafu kutoka juu ya kabati, nikamwambia aweke mkono wake aape. Akauweka. Sauti yake haikuyumba. "Wallahi, baba, si mimi niliyeandika, wala simjui aliyeandika."

Niliurudisha Msahafu mahali pake, kisha nikasema, "Na hao walimu wote ni waongo?"

Mke wangu alinitazama kama mtu asiyenijua. "Umemshikisha kitabu cha Mungu ili umwamini," akasema, "au ulitaka kumtisha tu?"

Nilitoka nikaenda kuswali alasiri, na kwenye safu nilikuwa nawaza watu wa msikiti watasema nini wakisikia.

Habari ilikuwa imekwisha kusikika. Kesho yake kila niliyekutana naye alikuwa na neno. Mmoja aliniambia ndiyo hasara ya kusomesha wasichana. Mwengine akanihimiza nimwozeshe upesi kabla hajaniletea makubwa zaidi. Mtu huyo tumekua pamoja, na mabinti zake watatu wote wamesoma. Nilimwangalia, nikashindwa kumjibu, kwa sababu mimi mwenyewe sikuwa upande wa mwanangu bado.

Aliyenizindua ni mwanamke mmoja ninayefanya naye kazi, msimamizi wa dobi la hoteli. Ni mtu wa bara, lakini yeye na mumewe wamekaa kwenye mashamba ya makazi nyuma ya Diani miaka mingi, na watoto wao wamezaliwa huku. Siku ya tatu nilikuwa nikitengeneza mashine yake ya kukaushia nguo, naye akaniuliza mbona nimenuna. Nikamwambia.

"Fundi, hebu ngoja kwanza," akasema. "Hiyo akaunti umeiona na macho yako, ama umeonyeshwa tu makaratasi?"

"Makaratasi."

"Na si ufungue yako uingie ujionee? Mimi niko huko kitambo. Niliingia juu ya hawa vijana wangu wawili, nijue wanafanya nini."

Nikamwambia mimi ni mtu mzima, mtandao ule ni wa watoto. Akacheka. "Huyo naibu wenu si mtoto, na yuko huko. Leta simu."

Saa ya chakula tukakaa nyuma ya dobi, kando ya shuka zilizoanikwa. Aliniambia nibonyeze mwenyewe, yeye ataelekeza tu. Mtandao ukataka namba ya simu, nikaiandika, ukaniletea tarakimu nne za kurudisha. Ukataka tarehe ya kuzaliwa. Mwaka uliokuja kwanza ulikuwa mwaka huu huu, kana kwamba nimezaliwa juzi, na ikanibidi niusukume kwa kidole kurudi nyuma, mwaka baada ya mwaka, mpaka yule mama akashika mbavu kwa kicheko. Kisha ukataka jina.

"Niandike lipi? La kitambulisho?"

"Lolote."

"Lolote vipi?"

"Lolote, fundi. Hata ukitaka kuwa gavana, andika gavana."

Nilidhani ananifanyia mzaha. Nikaandika jina langu kamili, la baba na la babu. Ukataka picha, nikapiga moja hapo hapo, shuka nyeupe nyuma yangu kama mtu aliyelazwa wodini. Kisha likaja swali kama nauruhusu kuwasoma watu waliomo kwenye simu yangu. Nilibonyeza kuruhusu, kwa sababu kitufe cha kuruhusu kilikuwa kikubwa na cha buluu, na cha kukataa kilikuwa kidogo kama sisimizi. Dakika chache baadaye shemeji yangu wa Lunga Lunga alinitumia moyo mwekundu. Mwalimu wa madrasa ya mtaani kwetu naye akaarifiwa kwamba nimejiunga. Mkubwa wangu wa kazi pia. Hakuna aliyeniambia kwamba kuruhusu maana yake ni kutangazwa namna hiyo.

Akaunti ilikuwa tayari. Picha za wasichana wakicheza zikaanza kupita mbele yangu, mimi mtu wa wajukuu. Nikamwuliza, "Sasa kitambulisho wataniomba wapi?"

"Kitambulisho cha nini?"

"Cha kuthibitisha kwamba mimi ndiye mimi."

Akanitazama, kicheko kikamtoka usoni. "Hawaombi," akasema. "Hawaombi kabisa, fundi."

Hapo ndipo hasira ilipoanza, na nilianza kujikasirikia mwenyewe kabla ya mtu mwengine yeyote. Nikitaka laini ya simu natoa kitambulisho. Nikienda ofisi za serikali kule Kwale, askari wa getini anaandika namba yangu kwenye daftari. Hoteli hii hii ambayo nimeitumikia miaka kumi na tisa, kila asubuhi nasimama langoni nionyeshe kadi kwa kijana ninayemjua tangu akiwa mchanga. Lakini mtu yeyote, popote alipo, akitaka kuwa binti yangu mbele ya dunia, haombwi chochote. Anaandika jina, anaweka picha, basi amekuwa yeye. Na mimi baba yake nilikuwa nimeyaamini makaratasi ya mtu huyo kuliko mkono wa mwanangu juu ya Msahafu.

Tukalitafuta jina la binti yangu, likaja. Picha ilikuwa ya rangi, si ile nyeusinyeusi niliyoonyeshwa ofisini. Yule mama akaisogeza karibu na macho. "Hii imekatwa," akasema. "Ona hapa begani." Kweli, juu ya bega la binti yangu palikuwa na vidole vinne vya mtu mwengine. Kwenye karatasi vilikuwa doa tu.

"Picha hii ilipigwa wapi?"

Sikujua. Akafikiri kidogo, kisha akaandika jina la shule. Sikujua kwamba shule ina ukurasa wake humo. Tukashuka, tukapita picha za kupanda miti na za wageni wa heshima, tukaikuta. Wasichana wanne wameshika kikombe walichoshinda kwenye mashindano ya mijadala. Binti yangu ni wa pili kutoka kushoto, mwenzake amemwekea mkono begani. Na chini ya picha, shule yenyewe ilikuwa imeandika majina yao yote manne, kamili, na kidato chao. Picha ile ile. Jina lile lile, limeandikwa vile vile mpaka kosa la kulianza jina langu kwa herufi ndogo.

Jioni nilimwuliza binti yangu nani alipiga picha ile. Alikuwa akipanga madaftari ambayo hakuwa na pa kuyapeleka.

"Naibu," akasema. "Yeye ndiye anayeweka picha za shule huko."

"Aliwaomba ruhusa?"

"Alisema tutabasamu."

Nikamweleza nilichokiona. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Sasa unaniamini, baba?"

Jibu lilikuwa neno moja. Badala yake nikasema, "Tungoje bodi." Hata sasa sijui kwa nini. Labda nilitaka watu wenye vyeo waniambie kwanza. Akaendelea kupanga madaftari yake.

Wiki zile mbili nilikuwa nikifungua akaunti za uongo kila nilipopata nafasi. Nilikuwa na laini ya pili, na nilifungua, nikafuta, nikafungua tena, mpaka nikajua kila hatua na dakika zake. Mke wangu aliniuliza kama nimerogwa. Nikamwambia aningojee.

Siku ya bodi tulikwenda watatu. Mke wangu alivaa buibui lake jipya, mimi nikavaa kanzu na koti. Chumba kilikuwa kile cha walimu, kwenye ukuta picha za walimu wote zimetundikwa kwenye fremu. Mwenyekiti wa bodi alikuwa mama mtu mzima, mwalimu mstaafu, mwenye sauti ya taratibu. Mwalimu mkuu alikuwapo, lakini aliuachia uwanja naibu wake. Naibu akasoma mashtaka, kisha akasoma na matusi yenyewe, yote, kwa sauti, mbele ya mke wangu. Mke wangu hakuinamisha kichwa hata mara moja.

Mwenyekiti akamgeukia mtoto. "Mwanangu, wasemaje?"

"Si mimi, bi mwenyekiti."

"Picha ni yake," naibu akasema, "jina ni lake, shule ni yake. Kama si yeye, ni nani?"

Nikasimama. "Bi mwenyekiti, naomba dakika tano."

Akanipa. Nilikwenda ukutani, nikaipiga picha ile picha ya naibu iliyokuwa kwenye fremu, tai nyekundu na tabasamu lake. Nikarudi mahali pangu nikaanza kubonyeza. Naibu akasema hapa si mahali pa kuchezea simu, lakini mwenyekiti alimwonyesha kiganja anyamaze. Nikaweka namba ya ile laini ya pili, nikarudisha tarakimu zao, nikaandika tarehe ya kuzaliwa ya kubuni, nikaandika jina la naibu kamili na cheo chake, nikaweka picha yake. Nikaandika mstari mmoja. Kisha nikanyanyuka, nikampelekea mwenyekiti simu.

Akavaa miwani, akasoma kwa sauti: "'Mwenyekiti wa bodi yetu hajui kusoma wala kuandika.'" Akainua uso. "Naibu, haya maneno ni yako?"

Naibu alisimama. "Sikuandika mimi hayo!"

"Picha si yako?" nikamwuliza.

"Bi mwenyekiti, huyu mtu..."

"Jina si lako? Shule si yako?" Sauti yangu ilikuwa imepanda, sikuweza tena kuiteremsha. "Sijaituma bado, usihofu. Lakini nikibonyeza hapa, dunia nzima itajua kuwa ni wewe uliyesema. Thibitisha kuwa si wewe, mwalimu. Tukutoe mbele kwenye gwaride kwanza, kisha uthibitishe."

"Hili ni kosa la jinai!" akapiga kelele. "Kujifanya mtu mwengine! Naita polisi sasa hivi!"

"Waite," nikasema. "Wallahi waite. Nimengoja wiki mbili nimsikie mtu wa shule hii akisema neno hilo. Mtu amejifanya binti yangu, na aliyetolewa mstarini ni binti yangu."

Kisha nikawaonyesha ile picha ya kikombe kwenye ukurasa wa shule, na vidole begani, na lile kosa la herufi. Mwenyekiti aliitazama kwa muda mrefu, akampa mwalimu mkuu, mwalimu mkuu akaitazama, akaguna. Nikaifuta akaunti ya naibu mbele yao. Mwenyekiti alituomba tungoje nje.

Tulikaa kwenye baraza ile ile. Binti yangu aliniegemea kidogo kwa bega, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu atoke utotoni. Baada ya kitambo katibu akatuletea barua. Niliisoma nimesimama. Ilisema kwamba bodi, baada ya kutafakari, imemsamehe mwanafunzi na kumruhusu kurejea masomoni.

Imemsamehe.

Nikaingia tena bila kubisha hodi. "Amesamehewa nini?" nikawauliza. "Nionyesheni kosa lililosamehewa."

Naibu akasema ni lugha tu ya ofisi. Nikamwambia barua hii itakaa kwenye faili lake, na siku atakapoomba chuo itasomwa na mtu asiyemjua, na mtu huyo atajua kuwa palikuwa na kosa. Nikataka waandike kwamba hakutenda kosa, na nikataka litamkwe kwenye gwaride pale pale alipotolewa. Mwenyekiti alikubali barua iandikwe upya. Ya pili ikaja: kwamba hapakupatikana ushahidi wa kutosha. Nikaikataa nayo. Mwalimu mkuu akaanza kutazama saa yake. Sauti zikapanda, mimi nikiwa ndiye wa juu kuliko wote, mpaka nikahisi mtu amenishika mkono wa koti.

"Baba, tuichukue," binti yangu akasema. "Mitihani inaanza Jumatatu. Nataka kwenda darasani."

Niliichukua kwa ajili yake. Kwa ajili yangu ningekaa pale mpaka leo. Na kwenye gwaride hapakutamkwa neno. Alirudi Jumatatu akasimama mstarini, wenzake wakampisha kama mwenye ugonjwa wa kuambukiza, na ilimchukua muhula mzima kuwarudisha mmoja mmoja, hasa wale waliotajwa kwenye matusi. Mwalimu wa hisabati ndiye pekee aliyemwita kando akamwambia, "Mimi sikuyaamini hayo hata siku moja." Mwalimu yule nikikutana naye njiani nasimama kumwamkia, ingawa ni mdogo kwangu.

Ikabaki ile akaunti, ambayo wiki zote hizo ilikuwa hai na inaendelea kutukana. Niliishtaki kwa wenye mtandao. Jibu likaja baada ya dakika mbili, la adabu kupita kiasi: wananishukuru, wamechunguza, na akaunti haikiuki kanuni zao. Dakika mbili! Mimi sichunguzi hata fyuzi kwa dakika mbili. Nikashtaki tena. Safari hii wakataka aliyelalamika athibitishe kuwa ndiye mwenye jina, kwa kutuma kitambulisho kilichotolewa na serikali. Mtoto wa miaka kumi na sita, kitambulisho anakitoa wapi? Mwizi hakuombwa hata jina la mama yake. Aliyeibiwa ndiye anayetakiwa hati.

Tukatuma cheti cha kuzaliwa. Wakasema hakina picha. Hatimaye yule mama wa dobi akatushauri tumpige picha binti yangu akiwa ameshika cheti hicho kifuani, uso unaonekana na maandishi yanasomeka. Nilimpiga mimi, ukutani, uani kwetu. Alisimama wima, ameshika karatasi chini ya kidevu kama mahabusu anayepigwa picha kituoni. Nilipoitazama kwenye simu machozi yalinilengalenga, nikajifanya nahangaika na mwangaza.

Wiki ya tano akaunti ikatoweka. Hawakueleza chochote, wala hawakuomba radhi. Aliyeifungua hatukumjua. Binti yangu nadhani anamshuku mtu, lakini nilipomwuliza alisema, "Nikikosea je, baba? Nitakuwa nimemfanyia kama nilivyofanyiwa." Sikumwuliza tena.

Nilimwomba radhi siku ya Ijumaa, baada ya swala, tukiwa sisi wawili na mama yake barazani. Sikuzunguka. Nilimwambia nilimdhulumu, kwamba alinipa kiapo nami nikakitupa, na kwamba aniwie radhi.

"Nimekusamehe, baba," akasema. Nikadhani amemaliza. "Lakini ungeniuliza tu kwanza. Kabla ya kumwambia mwalimu utanishughulikia. Nilikuwa nje ya mlango, nilikusikia."

Mama yake akaangalia pembeni. Mimi nikasema, "Ni kweli."

Alipoingia kidato cha nne tulimnunulia simu, maana masomo mengi yanatumwa humo. Siku chache baadaye akaja nilipokuwa nikisafisha vifaa vyangu, akasema anataka kujiunga na mtandao ule.

"Ule ule?"

"Ule ule. Kama jina langu litakuwako huko, afadhali nilishike mwenyewe."

Sikupenda, lakini sikuona haki ya kumkatalia. Akakaa kando yangu tukaanza pamoja. Tarehe ya kuzaliwa aliandika ya kweli, na mwaka haukumtoa jasho kama ulivyonitoa mimi. Alipofika kwenye jina akaandika lake kamili, akabonyeza. Yakatokea maandishi mekundu: jina hilo limekwisha kutumika, chagua jengine.

Akalijaribu tena, polepole, herufi moja moja. Mekundu. Akaunti ya mwizi walikuwa wameiondoa, lakini jina walikuwa wamelifungia nayo, na sasa walikuwa wakimwambia mwenye jina kwamba amechelewa.

Nilinyanyuka nikaanza kufoka. Nilisema nitawaandikia tena, nitaanza upya na cheti cha kuzaliwa, na barua ya chifu, na ya mwanasheria. Binti yangu aliningojea nimalize. Kisha akaandika jina lake, akaongeza tarakimu mbili mwishoni, likakubaliwa.

"Si neno, baba," akasema, na kuendelea kuchagua picha.

Labda kwake si neno. Mimi nimeshawaandikia mara tatu.